Baiskeli Tuliyobebeshwa Kibirichia

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Haya sikusimuliwa na jirani ambaye naye alisimuliwa na shemeji yake. Niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshika usukani, bila tone la pombe mdomoni. Tena mimi ni mwanamke wa spana na injini. Kitu kikinisumbua nakifungua nitazame ndani. Hiki kinaniudhi hadi leo kwa sababu sijapata pa kukifungulia.

Nina kempa. Labda umeiona pale Meru mjini, ile gari ndefu ya rangi ya maziwa, yenye kitanda na jiko ndani, niliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nazungusha wageni wanaopenda kuendesha baiskeli kando ya Mlima Kenya. Wao wanateremka kwa raha zao, mimi nawabebea vitu: mahema, viti na mitungi ya maji juu ya paa, na baiskeli nyuma, kwenye keria ya chuma niliyoichomelea mwenyewe. Wageni wakishuka, sirudi mtupu. Napitia viazi, kabichi, hata mbuzi akipatikana.

Mfungaji wa mizigo alikuwa ndugu yangu Mwenda, kitinda mimba wetu, mwanamume mzima mwenye ndevu lakini kwa mama bado alikuwa mtoto. Alifunga kwa mipira anayoikata mwenyewe kutoka kwa tyubu kuukuu za magari, na mzigo aliofunga Mwenda haukutikisika hata ukipita kwenye mawe. Sheria yake ilikuwa moja. Alichofunga yeye, hakuna mwingine aliyekifungua. Mpira uliovutwa sana ukiulegeza bila kujua ulianzia wapi, unakuchapa jicho, na mgeni mmoja alishawahi kupata funzo hilo. Kukata kwa kisu ndiyo hakutaka kabisa kusikia. "Mipira yangu haikatwangi," alikuwa akisema. Weka hilo kichwani, utalihitaji.

Siku hiyo tulikuwa tumewaacha wageni Timau na baiskeli zao. Tukakunja kupanda Kibirichia kuchukua viazi vya mama. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa huko juu unaokulowesha bila mvua, lakini bado ulikuwa mchana. Watu walikuwa mashambani, nilisikia majembe yao.

Mzee mmoja akasimama kando ya barabara akiwa na baiskeli nyeusi, zile nzito za zamani za kubebea mizigo. Koti lilikuwa limelowa hadi linadondoka. Mguu wa kulia wa suruali aliufunga kwa kipande cha mpira, usiingie kwenye cheni. Nikasimama.

"Muga, mzee," Mwenda akamsalimia.

Hakuitikia. "Nibebeeni hii baiskeli," alisema. "Miguu imekataa."

"Si upande hata wewe," nikamwambia. "Nafasi iko."

"Mimi mtanipata kwa kona, pale kwa duka la mabati."

Mwenda akacheka. "Mzee, utatushinda aje na miguu imekataa?"

"Mtanipata."

Utaniuliza mbona tulikubali. Wewe hujaishi huku. Barabara zetu ndivyo zilivyo, mtu anamsimamisha dereva anampa kuku, au mtungi wa maziwa, au sanduku la mtoto wa shule, anasema kutakuwa na mtu wa kupokea, na kweli anakuwapo. Ukianza kuuliza maswali unaonekana una roho mbaya. Mwenda akashuka, akaipandisha baiskeli kwenye keria, akaifunga kwa mipira mitatu minne, akarudi ndani akipuliza vidole kwa baridi.

Tulipoondoka tu, nikajua kuna kitu. Gari lilivuta kama nimefungiwa trekta nyuma. Nikaweka gia ya pili, ikagoma, nikaweka ya kwanza. Mwenda akageuka kuangalia nyuma kupitia kidirisha kilicho juu ya kitanda.

"Siz," akasema, "pedeli zinazunguka."

Nikamwambia ni upepo. Upepo gani, niambie, unaozungusha pedeli za baiskeli iliyofungwa kwa chuma? Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Zilikuwa zinazunguka kweli, polepole, zikipanda kwa shida na kushuka, kama zinavyofanya mtu akipanda mlima na mzigo. Hakukuwa na mtu juu ya kiti. Hapo injini ikazima.

Niamini. Ilizima, nikageuza ufunguo, ikanyamaza. Na kempa ikaendelea kupanda. Nilichomoa ufunguo nikamwonyesha Mwenda mkononi mwangu. Nilikanyaga breki hadi mguu ukauma. Tulikuwa tunapelekwa mlimani na zile pedeli, na nyuma yetu nikasikia mtu anahema. Niliogopa hadi nikasahau kuomba, na mimi nimekulia kanisani.

Kwenye kona, mbele ya duka la mabati, gari likasimama lenyewe. Mzee alikuwa hapo. Koti lile lile linadondoka, na hakuwa akihema hata kidogo.

"Nifungulie," alimwambia Mwenda.

Nilichukua kisu cha jikoni nikampa ndugu yangu. "Kata. Kata iangukie hapo, twende." Unajua alinijibu nini? Na midomo imeshakuwa myeupe kwa hofu, alinijibu vile alivyonijibu siku zote. "Mipira yangu haikatwangi." Nafikiri aliona akifanya kazi yake kama kawaida, siku nayo itarudi kuwa ya kawaida. Akashuka. Nilimwona kwenye kioo akifungua mmoja mmoja, taratibu, akiukunja kila mpira na kuutia mfukoni. Ulipotoka wa mwisho, mzee akamwekea mkono begani.

"Asante," alisema. "Sasa endesha wewe."

Kitu kikaanguka chini kwa kishindo. Niliposhuka mzee hakuwapo. Kwenye matope palikuwa na fremu iliyoliwa na kutu, bila cheni, bila pedeli, nyasi zimeota katikati yake. Mwenda akarudi kwenye kiti chake, akafunga mlango, akaniambia, "Imeisha." Kisha akatazama chini. Miguu yake ilikuwa imeanza.

Haijasimama tangu siku hiyo. Inapanda na kushuka, akila, akilala, akilia. Hospitalini walimdunga sindano, akalala usingizi mzito na miguu ikaendelea. Kanisani walimwekea mikono, na wakati wote wanasema amina nilikuwa nasikia visigino vyake vinasugua sakafu. Ngozi ya visigino imekwisha. Alikuwa na mapaja ya mwanamume wa kubeba mizigo, sasa unaweza kuyashika kwa mkono mmoja. Usiku tunamfunga kitandani kwa mipira yake mwenyewe, na asubuhi tunakuta kitanda kimehama, kimesukumana na mlango, upande wa kuelekea Kibirichia.

Kabla hatujaanza kumfunga hivyo, nilikuwa nimerudi kwenye ile kona nikiwa na hasira ya kuua mtu. Mbele ya duka alikuwa mama mmoja anachambua viazi. Nilimweleza. Hakushangaa hata kidogo, na hilo lilinichoma kuliko mengine yote.

"Alikuwa anabebea watu viazi kwa hiyo baiskeli," alisema akiendelea kuchambua. "Lori ikamgonga hapo ulisimama. Baiskeli ilimlalia na gunia juu. Watu wakakuja."

"Wakamtoa?"

"Wakafungua gunia. Kila mtu na zake. Miguu yake ilikuwa bado inaendesha, ikaendesha mpaka giza."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa." Akatupa kiazi kilichooza. "Zilikuwa viazi nzuri. Hazikuchelewa kuiva."

Kulikuwa na mawe karibu na mguu wangu. Sikuokota. Nilimuuliza yule mama wa viazi ndugu yangu atapona vipi, naye akanieleza kama mtu anayeeleza bei ya mbegu. Mzigo wa yule mzee ukikatwa kwa kisu, unabaki kwake. Ukiufungua kwa mikono yako, umeupokea. Na ukishaupokea, utakaa nao hadi mwingine akufungulie wewe, kwa mikono yake. Sasa unaelewa kwa nini asubuhi tunakata kwa kisu mipira iliyomfunga Mwenda kitandani, na kila jioni tunatafuta tyubu nyingine.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama yetu maneno hayo.

Mama yangu ni mwanamke mwema. Amefundisha watoto wa Jumapili miaka mingi, hajawahi kumfukuza mtu mwenye njaa mlangoni. Lakini usiku analala chumba kimoja na Mwenda, anamsikia, na Mwenda sasa ameacha kulia. Anaomba tu. "Mtu anifungulie. Hata kidogo. Mtu yeyote." Mimi na mama hatutazamani anaposema hivyo.

Wiki iliyopita mama alivaa nguo zake za kanisani akaenda sokoni kutafuta mtu wa kazi. Hakutaka mtu wa karibu. Hakutaka mtu mwenye jamaa wa kuja kumtembelea. Amempata mwanamke mmoja kutoka upande wa Embu, mjane, mnyamavu. Nimekutana naye, anacheka akiwa amefunika meno. Amefurahi sana kupata kazi nyepesi. Mama amemwambia atapika, atafua, na asubuhi atamfungulia mgonjwa mipira. Amemsisitizia asitumie kisu, mipira ni ghali.

Anakuja Jumatatu. Ningeweza kumzuia, namba yake ninayo. Nimeishika simu mara nyingi, kisha nasikia visigino vinasugua sakafu, naiweka chini.

Basi nakuonya wewe, kwa kuwa yeye sijamwonya. Usibebe mzigo ambao mwenyewe hataki kupanda nao. Na mtu asiyekujua akikupa kazi nyepesi Meru, nyumba nzuri, watu wa kanisa, kuna mgonjwa tu wa kufunguliwa asubuhi, nenda na kisu chako. Wakikukataza kukitumia, ondoka, hata kama mwanamke aliyekufungulia mlango analia.