Koti Jeupe la Muuza Nyama

"Niangalieni vizuri! Mtaa mzima huu, nani muuza nyama msafi kama mimi? Daktari akipita hapa anaficha koti lake!"

Baba Mdogo aliyasema hayo Jumamosi moja mbele ya foleni ya wateja, kifua mbele, koti jeupe pe, kisu mkononi. Watu wakacheka. Nyuma ya bucha, Mama Mdogo alikuwa ameinamia beseni akifua koti la jana.

Miaka ishirini na sita alifua damu ya ng'ombe, na mumewe hakugeuza shingo hata siku moja kuona anavyofua. Kazi yake yeye ilikuwa kuvua. Aliangusha koti mlangoni jioni, asubuhi akalikuta kwenye msumari limenyooka. Nadhani aliamini makoti hujifua yenyewe yakiachwa peke yao.

Kisha Mama Mdogo akaugua mapafu. Alipoona hali haina mjadala, akachagua gauni la kuzikwa nalo, lile la rangi ya maziwa alilovaa kwenye harusi ya binti yao. Akaomba avalishwe mara moja ajitazame kwenye kioo. Akakohoa. Damu ikatapakaa kifuani.

"Lifueni," alimwambia binti yake. "Nisizikwe kama nimetoka kuchinja."

Jioni hiyo akafariki.

Binti alipolishika gauni, Baba Mdogo akamnyang'anya.

"Nguo ya mke wangu naifua mimi."

"Baba, umewahi kufua hata leso?"

"Unanifundisha damu? Mimi?"

Binti akarudi ndani kwa waombolezaji. Baba Mdogo akachemsha maji mpaka yakatokota, akamimina nusu pakiti ya sabuni, akalitumbukiza gauni. Binti alipotoka tena uani, mvuke ulikuwa unampiga baba yake usoni.

"Maji ya moto! Baba, unaipika hiyo damu!"

Ilikuwa imeshaiva. Doa limeshika uzi, rangi ya chai. Mzee akamwagia dawa ya kung'arisha, chupa nzima, gauni likageuka njano kama meno ya mvuta sigara. Akachukua brashi ya kusugulia gogo la nyama. Akasugua mpaka kitambaa kikachanika.

Akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika.

"Mama yako alikuwa anafanyaje?"

"Maji baridi na chumvi. Analoweka."

"Chumvi tu?"

"Chumvi tu, baba."

Tulimzika na gauni lile lile, maana ndilo alilolitaka. Juu ya doa Baba Mdogo aliweka koti lake, la mwisho alilofuliwa na marehemu, limekunjwa mara nne.

Bucha imeshafunguliwa. Koti analovaa siku hizi lina rangi ya matope, na kwenye foleni hakuna anayetaniwa wala anayecheka. Duka la rejareja liko mkabala, hatua kumi na moja kutoka kwenye gogo lake. Pakiti ya chumvi ni mia tano.