Kingi wa Modesta

Modesta wa Igoma hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Tangu utotoni, kwenye karakana ya baiskeli ya baba yake, alicheza drafti ya vizibo vya soda na wanaume wazima, na aliyejaribu kumwibia alipinduliwa ubao mzima. Tabia hiyo aliingia nayo chuoni, miaka ile ya tisini vyuo vya watu binafsi vilipoanza kufunguliwa na kompyuta chakavu kuingia nchini pamoja na mitumba.

Dokta Luhaga, mzaliwa wa Kamanga, ng'ambo tu ya ziwa, aliyesomea Ulaya, ndiye aliyewafundisha akili bandia. Zoezi lake lilikuwa kuandika programu ya kucheza drafti. Sheria alizibandika mlangoni: kila mtu afanye peke yake, na programu mbili zikikutwa na kosa moja la ajabu, wenyewe wote wawili watafukuzwa chuo.

Siku ya majibu akawasimamisha Modesta na Venant, kijana wa Nyamagana.

"Kitabu cha drafti nilichowapa kinasema kingi anakwenda hatua moja. Wa kwenu wote wawili anaruka kona hadi kona! Nani kamwibia mwenzake? Mmoja akikiri, mwingine atabaki."

Venant akanong'ona, "Modesta, ngoja nikiri mimi, yaishe."

"Thubutu!" Modesta akamgeukia mwalimu. "Dokta, hapa hakuna mwizi. Ndivyo kingi anavyokwenda huku kwetu."

"Hapa ni chuoni, siyo kijiweni."

 Kufukuzwa Modesta aliogopa, lakini kuitwa mwizi hakukubali hata kidogo. Akatoa mkobani ubao aliokuwa akijaribia programu yake, akamwaga vizibo mezani.

"Tucheze kwanza, Dokta. Kisha unifukuze."

Dokta akacheka kwa dharau, akavuta kiti. Kumbe naye fundi! Vizibo vya Modesta vikaliwa kimoja kimoja, na kimoja cha Dokta kikafika mwisho wa ubao, kikawa kingi. Modesta akaacha kizibo chake kimoja peke yake katikati ya njia ndefu, mbali na kingi huyo, makusudi kabisa.

Mkono wa Dokta ukamnyakua kingi, ukamrusha kona hadi kona, ukala.

"Umekwisha!" akashangilia, na darasa zima likaangua kicheko. Ndipo mwalimu akautazama mkono wake juu ya kingi, kona ya pili.

"Dokta," akauliza Modesta, "na wewe umeiba kwa nani?"