Madoa Meusi ya Mvule wa Kaya

Siku ya kwanza ya kazi nilikabidhiwa vioo vyembamba kama ukucha, nikaambiwa nikivunja kimoja nirudi Munje nikalime muhogo. Sikuvunja. Mikono hii, wajukuu zangu, haikuwa ya mchezo.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Mkaguzi wa Miti, mzungu mrefu wa kiko. Alitambua maradhi ya miti kwa darubini ya kukuzia vidogo. Mimi nilisugua vioo na kubeba sanduku, Msambweni mpaka Diani.

Ndipo mvule wa kaya, msitu wetu wa matambiko upande wa Kinondo, ukatoka madoa meusi. Mkaguzi akasema ukiwa na maradhi ya kuambukiza utakatwa, usije ukaua msitu. Baba mkwe wangu, mzee wa kaya, akaacha kula. Chini ya mvule ule ndipo tulipoombea mvua.

"Nipe kipande cha gome nikakipime ofisini," alisema Mkaguzi.

"Humu hakitoki hata kijiti kikavu, bwana," Mzee akamjibu penye lango la kaya.

"Nitapimaje basi?"

"Kilete chombo chako. Viatu viache nje."

Akaingia pekupeku, kajifunga kaniki kiunoni kama ilivyo desturi ya kaya. Mzee akamtazama juu mpaka chini. "Sasa waweza kuja kuposa."

Ndani kulikuwa kimya, kijani kitupu, kama umezama majini umefumbua macho. Mkaguzi akakwangua doa kwa wembe, akaliweka kiooni na tone la maji. Darubini hutaka mwanga, na jua lilipenya kwa kitundu kimoja tu. Miale ikihama, nasi twahama, mimi nimeikumbatia darubini kama mtoto mchanga.

"Mwanasha, tazama."

Nikaona vijimbegu vya kahawia, kila kimoja kimegawika kati kama buni, vikielea polepole.

"Hii ni kuvu," akasema, "lakini haili mti. Inakula kuvumwani, ule utando wa kijivu uliogandia gome. Gomeni haikufika."

"Yaani mgeni anamla mgeni?" Mzee aliuliza. "Na mwenye nyumba?"

"Mzima. Haukatwi."

Mzee akashusha pumzi. Kisha akanyoosha kidole. "Na hicho kilicho kiooni?"

Nimestaafu zamani, macho yangu yana ukungu. Lakini nikiyafumba naviona vile vijimbegu vikielea, na mvule juu yetu ukinong'ona. Upo hadi leo. Kile kioo nilikioshea shinani pake siku ile ile, tone likanywewa na mchanga, nikatoka na kioo kitupu.