Siku nilipomtafsiria Maman neno "immedicable"

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamembe, mpakani na Congo. Hii si chai. Nilikuwepo, na jasho lililonitoka ni langu.

Ni miaka ile tumerudi kutoka Congo, vita bado vinaendelea upande wa pili.

Maman alikuwa na kidonda mguuni, alikipata tukirudi kwa miguu. Kila akivuka mpaka kwenda Bukavu kuuza nyanya za Mururu, anarudi akichechemea.

Daktari mmoja mzee wa Kizungu, mpenda vitabu, akampima, akaandika karatasi kwa Kiingereza, akaenda zake.

Sasa sisi wa kutoka Congo ni watu wa Kifaransa. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya kozi ya Kiingereza na mdomo wa miaka kumi. Nikajitangaza mtafsiri wa familia.

Neno moja likanigomea: immedicable.

Nikapanda pikipiki hadi Giheke, kwa mwalimu mwenye dictionary nene. Nikalipata. Maana yake: kisichoponyeka.

Ni neno la kale. Limetoka Kilatini, ni ndugu wa médicament ya Kifaransa, ila mbele limebandikwa "im-" ya kukana. Warumi walilisema kwa kidonda kilichoshinda dawa. Washairi wa Kiingereza wakaliazima, wakalitumia hadi likazeeka. Siku hizi watu wanasema tu incurable.

Kwetu mgonjwa haambiwi. Wanaambiwa watoto, yeye anaambiwa "itaisha". Na dada yangu alishaamua: kama hakuna dawa, Maman asivuke tena, akae nyumbani aletewe chakula. Maman aliogopa hilo kuliko kidonda chenyewe.

Basi nilipowarudia Maman na dada, nikaanza lecture ili kuukwepa ukweli. Nikawazungusha Roma yote, nikawapitisha Uingereza.

Maman akanisikiliza vizuri tu. Kisha: "Papa, Roma nimeisikia. Na mguu yangu?" (Mama zetu huwaita hivyo watoto wa kiume.)

Nikashindwa kudanganya. "Daktari anasema haitapona, Maman."

Dada akaanza kulia. Maman akawa anaukanda mguu. Niliumia sana.

Halafu akauliza: "Hiyo neno, bazungu bangali banaisemaka?"

"Hapana, Maman. Ilishaga kufa. Iko mu bitabu tu."

"Basi yenyewe ilikufa, mimi niko hapa. Kati yetu mugonjwa ni nani? Leteni kitunga yangu."

Na kikapu akaletewa. Aliyemletea ni dada.

Kidonda hakikupona kweli, daktari wa watu hakukosea. Maman alikifunga kitambaa kila asubuhi, akavuka miaka mingine mingi, na dada akimbebea nyanya hadi kwenye daraja la mpakani.

Nilichojifunza: mwili ni wa mgonjwa, habari zake azisikie yeye kwanza.

Kwenu mgonjwa anaambiwa na nani? Semeni hapa chini. Ila wenye lecture za Kilatini mpumzike, kiti hicho kina mwenyewe.