Mama Pindo na Kaseti ya Matarumbeta

Kwa miaka ishirini Mama Pindo alipanda gari la mumewe kama mgeni. Lilikuwa gari dogo jekundu la spoti, la zamani, viti viwili na paa la turubai. Mumewe, fundi makanika, alilinunua likiwa skrepa akalifufua kipande kwa kipande. Ndani yake sheria ilikuwa moja: anayeshika usukani ndiye anayechagua muziki. Na kwa kuwa usukani haukuwahi kutoka mikononi mwa mzee, muziki ulikuwa ule ule, magitaa ya taratibu, ya kubembeleza, ambayo mkewe alisema yanamlaza hata hawajafika kituo cha mafuta.

Yeye alikuwa mshonaji. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, maana pindo lake halifumuki. Mwaka mmoja alishona sare za bendi nzima ya matarumbeta, na siku ya kuzikabidhi wapigaji wakamzawadia kaseti waliyojirekodi wenyewe. Aliipiga kwenye chumba cha cherehani mpaka maandishi yakafutika. Garini haikuwahi kuingia.

Kisha macho ya mzee yakaanza kufifia, na daktari akamwambia waziwazi kwamba asiendeshe tena. Gari likafunikwa shuka kuukuu. Haikupita miezi saba, mdogo wake mzee akaja na mnunuzi. Mzee akawa anachezea ufunguo. Mama Pindo ndiye aliyejibu.

"Shemeji, mgeni wako tutampa soda, lakini gari haliuzwi."

"Sasa ataliendesha nani?"

"Mimi."

Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Mama Pindo alikuwa na miaka sitini na moja na hakuwa amewahi kuwasha hata pikipiki. Wiki iliyofuata akajiandikisha chuo cha udereva, akakaa darasani na vijana rika la wajukuu zake. Mtihani wa kwanza alianguka. Aligonga koni akirudi nyuma. Wa pili akapita. Miguu iliyokanyaga cherehani miaka arobaini haikusumbuliwa na klachi.

Jumamosi asubuhi akalifunua gari, akakunja paa, akamfungulia mzee mlango wa abiria, akachomeka kaseti yake.

"Mama watoto," mzee akasema, "hayo matarumbeta yataniziba masikio. Injini nitaisikiaje?"

"Utaisikia kwa mgongo. Funga mkanda."

Wakashika barabara ya mlimani. Mzee hakuwahi kufika juu na gari lile. Kila mara, kwenye kona ya tangi la maji, rejeta ilichemka, wakasimama kusubiri ipoe, wakageuza. Alikwisha kubali kwamba ndio ugonjwa wa gari lenyewe.

Mlima ulipoanza, bendi ilikuwa imechanganya. Mama Pindo akarudisha gia ya pili, injini ikapandisha sauti.

"Weka ya tatu, unalitesa," mzee akasema.

"Ya tatu linajiburuta. Hapa linakwenda sawa na ngoma."

Mzee akang'ang'ania ukingo wa mlango. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama Pindo aliingia kila kona ngoma kubwa ikimpigia, akaitoka matarumbeta yakipaa, upepo unamvua kitambaa kichwani. Akatupia jicho mshale wa joto: uko katikati, umetulia. Hakulegeza mguu.

"Tumekaribia tangi?" mzee akauliza.

"Tumeliacha zamani."

Zikapita kona mbili nyingine. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika; alikuwa anacheka.

"Fundi mzima mimi," akasema. "Miaka ishirini nalibembeleza kwa gia kubwa, injini inajikokota, feni ya kuipoza inazunguka kama ina usingizi, halafu nailaumu rejeta. Ni yale magitaa. Yalikuwa yananilegeza mguu."

Juu kabisa palikuwa na kibanda cha chai na lori moja limeegeshwa. Dereva wa lori akalizunguka gari mara mbili, akamsalimia mzee kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Gari lako ni kali."

"Marahaba. Muulize mwenyewe," mzee akasema, akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi abiria."

 Mama Pindo alikunywa chai yake akiwa ameegemea boneti, kifua mbele, kama aliyepigiwa saluti. Waliporudi garini kaseti ilikuwa imefika mwisho. Mzee akapapasa kwenye redio, akaitoa, akaigeuza upande wa pili, na kabla injini haijawaka akaongeza sauti.