Kopo Lisilooshwa

Koroga hakutulia kitini. Aliketi, akainuka, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, akachungulia mlangoni, akarudi kwenye kompyuta ya mashine ya kuchanganya rangi. Jioni hiyo mwenye duka angekuja kuona mashine ikitoa rangi ya waridi hafifu kwa maagizo aliyoyaandika Koroga mwenyewe. Akishindwa, meza angepewa mwingine, naye aende stoo kubeba madebe.

Zamani mteja alileta kipande cha kitambaa. Koroga alikitazama dirishani, akadondosha rangi, akakoroga kwa kijiti, akapaka ukucha wa kidole gumba kulinganisha, basi. Siku hizi wateja wanaleta namba ya rangi. Jicho la mtu limebaki kuwa pambo la uso.

Aliyemfundisha ni binti wa dada yake, aliyesomea kompyuta. Alimweleza kwamba kwenye maagizo ya kompyuta, kigeu ni kama kopo lenye jina: kwanza unaitangazia mashine kuwa kopo lipo na litabeba namba, kisha unalipatia namba ya kuanzia. Hatua ya pili Koroga aliiona porojo za wasomi. Kopo jipya ni tupu, unalipatia nini tena? Akatangaza nyekundu, akatangaza nyeupe, akaagiza matone yaongezwe juu ya kilichomo. Akabonyeza.

Mashine ikamwaga nyekundu bila haya. Waridi ikatoka kama tofali.

"Imelogwa hii," alisema.

"Haijalogwa, Mjomba," alisema mpwa wake, aliyesimama nyuma ya kiti. "Hukuliosha kopo."

"Si lilikuwa jipya?"

"Jina ndilo jipya. Pale mahali kwenye kumbukumbu ya mashine palishatumiwa na kazi nyingine, masalia yake yakabaki. Mashine imehesabu masalia, ikaongeza matone yako juu yake." Kisha akacheka. "Na wewe ndiye uliyemfukuza kibarua kwa kopo chafu."

Neno hilo lilimchoma. Maisha yake yote aliwapigia watu kelele waoshe kopo kabla ya kutia tone. Ila mashine walivyoisifu, hakudhani nayo inaweka uchafu. Akainuka, akaizunguka meza, akaketi. Akaandika: nyekundu ianze na sifuri, nyeupe ianze na sifuri.

Mwenye duka alikuwa ameshaingia. Koroga akabonyeza. Ikatoka waridi, laini, hafifu. Mwenye duka alisoma namba kwenye kioo cha kompyuta, akamwambia meza ni yake, akaenda zake. Kopo lenyewe hakulitupia hata jicho.

Koroga akaanza kutafuta kijiti chake. Mpwa wake alikuwa amekitumia kukazia dirisha lisigonge. Akakichomoa, dirisha likaanza kugonga, naye akakoroga rangi isiyohitaji kukorogwa. Akapaka ukucha, akaunyoosha mwangani.

"Vipi, Mjomba, imekosewa?"

Aliutazama muda mrefu, akitafuta kosa.

"Iko sawa," alisema, na akaendelea kukoroga.