Alama ya Kigoda

"Usiisome tena, Marieta. Ukiisoma mara nyingine hiyo simu naitupa kwenye sufuria, ichemke pamoja na makande."

"Mama, ukiichemsha ndiyo Dionis atafufuka?"

Huyo ni mke wa mwanangu Bura. Ana ulimi kama panga la kufyekea, na siku hiyo nilimwacha anikate kwa sababu alikuwa analia. Tulikuwa tunachambua maharage, ujumbe ukaingia kwenye simu yake: Mwambieni mzee Sulle kwamba Dionis amefariki leo asubuhi kazini Arusha. Basi. Hakuna salamu, hakuna poleni. Umeingia kama mbuzi anavyoingia jikoni.

Ulikuja kwa Marieta kwa sababu jirani yetu Sulle hana simu. Anasema simu ilimnyang'anya kazi, sasa hawezi kuinunulia tena vocha. Na Dionis ndiye mtoto pekee aliyekuwa amembakia.

Kazi ya Sulle ilikuwa kupeleka habari za msiba. Zamani mtu akifa hapa Gitting, na ndugu zake wako Gendabi au Nambis, alitumwa Sulle kwa miguu. Akifika hasemi kitu. Anasalimia wote, mpaka kuku wa nyumba ile. Anasema, "Leteni kigoda," na kigoda kikija hakikalii yeye, anampa mwenye nyumba. Halafu anaanza na mvua. Akitoka kwenye mvua anaingia kwa ng'ombe, akitoka kwa ng'ombe anasema, yule mgonjwa wenu hakulala vizuri. Pole pole, kama unavyomshusha mtoto mgongoni. Neno lenyewe likija, mtu ameshakaa na ameshashikwa bega.

Msiba wa mume wangu ni yeye aliyeniletea. Akakaa kwenye mvua muda mrefu mno, mpaka marehemu mwenyewe akachoka kungoja, akaja kusimama mlangoni akasema, "Sulle, mwambie basi, mimi nachelewa." Nilimwona kwa macho yangu. Asiyeamini akamuulize marehemu.

Mwalimu Kissa, waliyemleta shuleni kwetu kutoka Mbeya, alikuwa amekuja kuchukua maziwa, akatukuta hivyo. Nikamkamata gauni.

"Mwalimu, wewe unazijua alama zote za kwenye maandishi. Ipo ya kumwambia msomaji akae kwanza?"

"Hapana, bibi. Ipo nukta ya kumaliza. Upo mkato, unapumua kidogo. Ipo ya kuuliza, na ya kushangaa."

"Ya kushangaa mkaitengeneza! Mtu kushangaa si anaweza mwenyewe? Ya kumkalisha ndiyo ikawashinda."

"Siku hizi kuna vile vikatuni vya simu, bibi. Kipo kinacholia."

"Hicho kinakuja kulia baada ya neno. Mtu ameshaanguka."

Nikachukua kijiti nikachora kwenye majivu: mstari umelala, chini yake miguu mitatu. Kigoda. "Hii hapa. Unaiweka mbele ya maneno. Msomaji akiiona, hata kama yuko barabarani, anatafuta jiwe anakaa. Ukiweka viwili, anamwita jirani. Vitatu, jirani naye akae."

Kissa akacheka kidogo, kisha akaacha. Akayatazama majivu.

"Meseji ya msiba wa baba yangu niliisoma nimesimama darasani," akasema. "Chaki iko mkononi. Watoto wananitazama, wanangoja jibu la hesabu."

Makande yalikuwa yanaungua na hatukuyageuza.

"Basi nani anamwambia Sulle?" Marieta akauliza. "Mama, ni wewe. Mmezeeka pamoja."

"Mimi? Juzi nimewaambia watu fisi amekuja kuniomba chumvi. Nikimwambia Sulle mwanae amekufa, atacheka. Nitafanyaje akicheka, Marieta? Aende mumeo."

"Bura atalisema kama lilivyo kwenye simu, unamjua."

"Namjua, nilimzaa."

"Si utumie njia yake, mama. Anza na mvua."

"Nikianza na mvua, atajua. Nikianza na ng'ombe, atajua. Ngazi yote ya kushukia aliichonga mwenyewe. Mtu mwingine yeyote hapa Gitting ningempatia pa kukanyaga kwanza. Sulle hana. Neno lolote nitakalomwambia, ni lile lile."

"Basi tunyamaze mpaka mwili ufike."

"Ili aambiwe na gari?"

"Sasa unataka nini, mama? Kila kitu hutaki!"

"Nataka asijue! Nataka azeeke hivi hivi anamngoja, afe anamngoja!"

"Hodi humu."

Mlango ulikuwa wazi. Sulle alisimama pale na kofia yake ya sufu, jembe begani, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mzee," Kissa akasema.

"Marahaba, mwalimu. Mama Bura, habari za hapa? Nimekuja kuuliza kama Dionis ametuma neno, anakuja lini. Alisema tutapanda wote, na ardhi imeshalowa."

Marieta akaisukumia simu ndani ya kitenge. Na Kissa, mtoto wa watu aliyefundishwa adabu, akainuka upesi kwenye kigoda kumpisha mzee. Nilinyoosha mkono nimshike, nikachelewa. Alikuwa ameshakisogeza mbele ya miguu ya Sulle.

"Karibu kigoda, mzee."

Sulle akakitazama kigoda. Akamtazama Marieta, macho mekundu vile. Akanigeukia mimi.

"Sulle," nikasema, "mvua ya mwaka huu huko Nambis..."

Akainua mkono ninyamaze.